Sauti za Kuokotwa na Mwenye Sauti: Pop ya Elektroniki ya Nairobi Mbele ya Kibera na Kawangware

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili anapozungumzia muziki wa vijana wa Nairobi, kwa kawaida hukimbilia maneno. Huchambua Sheng, huonyesha misimbo iliyochanganywa, hutaja ufisadi na ukosefu wa kazi kama dhamira, kisha hufunga daftari. Mlio wenyewe huachiwa wataalamu wa muziki, nao kwa upande wao mara nyingi hawana haja na maneno. Kati ya kambi hizo mbili imeanguka sanaa moja isiyopata msomaji: pop ya elektroniki inayochanganya ngoma za mashine, magitaa ya roki na sauti za kuokotwa. Kwa sauti za kuokotwa inakusudiwa hapa sauti yoyote ambayo msanii hakuitunga bali ameikuta: honi, cherehani, wito wa mchuuzi, santuri ya zamani, au hata neno lililokuwa likizunguka vinywani mwa watoto. Makala haya yanadai kwamba katika Nairobi kuokota sauti ni kitendo cha kifasihi kabla ya kuwa cha kiufundi. Yanadai pia kwamba swali zito linaloibuliwa na kitendo hicho si la mtindo, bali ni la umiliki. Sauti ya mtaa inapoingizwa katika wimbo, mwenye sauti anasikika kama msemaji au kama mandhari?

Mitaa miwili inatosha kulipima swali hilo. Kibera imesikilizwa kupita kiasi. Ripoti za kigeni ziliwahi kurudia kwamba ina wakazi milioni moja, hadi sensa ya mwaka 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Tofauti hiyo peke yake yaonyesha jinsi mtaa unavyoweza kusimuliwa na watu ambao hawakuuliza. Kawangware, upande wa Dagoretti, ina vibanda, soko, makanisa, misikiti na matatu zake, lakini ni nadra kutajwa nje ya Nairobi. Hivyo uzito wa mifano katika kurasa hizi hautalingana, kama ambavyo haulingani katika muziki wenyewe.

Sikio kabla ya mashine

Historia ya sauti za kuokotwa hupenda kuanzia Paris mwaka 1948, Pierre Schaeffer aliporekodi treni na kuzipanga upya zikawa utunzi. Simulizi hiyo ina kasoro ya tarehe. Miaka minne kabla yake, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi jijini Cairo ngoma ya zar, ambayo ni ngoma ya wanawake ya kupunga pepo, kwa mashine ya waya. Kisha akazichuja sauti zao hadi maneno yakatoweka, ukabaki mvumo tu. Husimuliwa kwamba aliingia katika shughuli hiyo kwa kujifunika asitambuliwe. Basi tangu siku ya kwanza, barani Afrika na si Ulaya, sanaa hii ilizaliwa pamoja na tatizo lake. Aliyerekodi alikuwa mgeni aliyejificha, na waliorekodiwa walipoteza kwanza maneno yao.

Lakini ipo njia nyingine ya kuokota, isiyohitaji mashine, nayo ndiyo wahakiki wa fasihi wana haki ya kuidai. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uliokuja kujulikana kama Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Masikio ya wasikilizaji yalilipokea jina kama mlio, yakalivisha umbo la lugha yao, na mwenye jina akageuzwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Anayeitazama rekodi hii kama kumbukumbu ya Tracey huona mzungu aliyeokota wimbo wa Kiafrika. Anayeisikiliza vizuri zaidi huona kwamba wasichana hao walikuwa wamemtangulia. Wao ndio waliookota kwanza, wakaikata sauti ya kigeni, wakaitungia hekaya na kuipigia ala. Kinanda chao kilikuwa sikio.

Tofauti ya njia hizi mbili ndiyo msingi wa hoja yote inayofuata. Katika ya kwanza sauti huondolewa maneno. Katika ya pili sauti isiyo na maana hupewa maana. Nadharia ya fasihi simulizi imekuwa ikisisitiza kwamba utendaji ndio uhai wa matini, lakini haijauliza vya kutosha kuhusu hadhira inayosikia vibaya kwa makusudi, au inayosikia vibaya kwa ufanisi. Usikivu wa aina hiyo ni utunzi.

Makmende na wenzake

Just a Band ni kundi lililoanzia miongoni mwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta mwanzoni mwa miaka ya 2000: Bill Sellanga ajulikanaye kama Blinky Bill, Daniel Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya. Albamu zake tatu, Scratch to Reveal (2008), 82 (2009) na Sorry for the Delay (2012), zilileta katika redio za Nairobi mchanganyiko ambao wakati huo haukuwa na rafu dukani: mapigo ya disko, besi ya fanki, gitaa la roki, na sauti ya binadamu iliyopitishwa mashineni ikatoka kama ya roboti. Baadaye kila mmoja alishika njia yake. Chuchu aliongoza filamu ya Stories of Our Lives (2014), Masya akaongoza Kati Kati (2016), na Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Ni dhahiri kwamba hawa walikuwa watu wa picha na hadithi kadiri walivyokuwa watu wa muziki, na kosa la kuwasoma kwa sikio moja lisirudiwe hapa.

Kazi yao iliyovuma kuliko zote ni Ha-He, ambayo video yake ilitoka Machi 2010. Shujaa wake, aliyeigizwa na Kevin Maina kwa mtindo wa filamu za mapigano za Wamarekani weusi za miaka ya 1970, anaitwa Makmende. Ndani ya siku chache Wakenya walikuwa wakitunga vichekesho juu ya uwezo wake usio na mpaka, na vyombo vya habari vya ng'ambo vikaandika kwamba Kenya imepata jambo lake la kwanza la kusambaa mtandaoni kama moto wa nyika. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaanza hadithi katikati. Makmende hakuzaliwa mwaka 2010. Katika miaka ya 1990 lilikuwa neno la watoto wa Nairobi. Mtoto aliyeruka ukuta uliomzidi kimo, au aliyetaka kupigana na wakubwa, aliulizwa kama anadhani yeye ni Makmende. Asili yake ni maneno ya Clint Eastwood katika filamu ya Sudden Impact ya mwaka 1983, "make my day", yaliyosikika kwa watoto ambao Kiingereza cha Marekani kilikuwa kwao mlio tu. Kitisho cha polisi wa San Francisco kikageuka jina la mtu.

Hapa Chemirocha amerudi, baada ya miongo minne, mjini badala ya malishoni, na sinema imechukua nafasi ya santuri. Ubunifu wa Just a Band si kuibuni sauti hiyo, bali ni kuikumbuka na kuirudisha kwa wenyewe. Wasikilizaji walijibu kwa wingi kwa sababu neno lilikuwa lao tayari. Walikuwa wamelicheza vumbini kabla ya kundi kulipigia ngoma. Vichekesho vile, ambavyo baadhi ya waandishi waliviita mwigo wa vichekesho vya Kimarekani juu ya Chuck Norris, kwa umbo lake vinakaribiana zaidi na majigambo. Chumvi hupandishwa ngazi kwa ngazi, na kila mtambaji humjibu aliyetangulia. Wamitila amewazoesha wasomaji wa Kiswahili istilahi ya usemezano, na hakuna mfano wake ulio wazi kuliko huu. Kundi lilitoa mtambo na jina. Matini iliandikwa na hadhira.

Usinibore, wimbo wa albamu ya 82, unaonyesha jambo hilohilo katika eneo dogo zaidi, yaani neno moja. Mofimu tatu za Kiswahili sanifu, u-si-ni-, zimepandikizwa kwenye kitenzi cha Kiingereza. Katika maandishi herufi ya mwisho inacheza pande mbili: ni tahajia ya Kiingereza, na wakati uo huo inakaa pale pale ambapo sarufi ya Kiswahili inadai -e ya dhamira tegemezi. Inawezekana ni bahati tu. Lakini bahati ya aina hiyo ndiyo inayoifanya Sheng ionekane kama imepangwa, na Githiora (2018) ana hoja anapoitetea kama lahaja ya Kiswahili cha Kenya badala ya ugonjwa wake. Iwinyo Piny, wa albamu ya kwanza, unaazima Kidholuo. Kauli hiyo yaweza kusomeka kama swali, "unaisikia dunia?", na piny ni dunia na pia ni ardhi ya chini ya miguu. Kama kuna anwani moja inayostahili kuwa ilani ya muziki wa sauti za kuokotwa Afrika Mashariki, ni hiyo.

Sifa hizo zikishatolewa, udhaifu nao utajwe. Sehemu kubwa ya maneno ya Just a Band ni ya Kiingereza. Kiswahili, Sheng na Kidholuo mara nyingi huja katika anwani na viitikio, yaani mahali ambapo wimbo unahitaji kunasa sikio, huku kazi ya kufikiri na kulalamika ikifanywa kwa Kiingereza. Lugha za mtaa huwa chumvi ya mchuzi ulioungwa kwingine. Mtu anaweza kujibu kwamba hivyo ndivyo tabaka la wasomi wa Nairobi linavyosema nyumbani kwake, na kwamba kundi halikujidai kusemea mwingine. Jibu hilo ni la haki, nalo linaeleza pia kwa nini Makmende alifaulu: ni kumbukumbu ya utoto iliyovuka matabaka, kwa kuwa sinema za Eastwood zilitazamwa Buruburu na zikatazamwa pia katika vibanda vya video vya mitaa ya mabati. Mahali kumbukumbu ilipokuwa ya wote, kiokotwa kilikuwa cha wote.

Mandhari au msemaji

Mashaka huanza pale sauti inapochukuliwa katika mtaa ambao msanii hakulelewa. Reli ya Uganda, iliyofika Nairobi mwaka 1899, inapita katikati ya Kibera, na treni ya Kibera ni ya kuvutia mno kwa mwenye kinasa sauti: inapiga honi, wachuuzi wanaondoa bidhaa relini, inapita, bidhaa zinarudi. Katika rekodi inakuwa mapigo mazuri. Lakini katika simulizi za wakazi treni hiyo ina historia isiyosikika katika mapigo. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, reli iling'olewa hapo hapo Kibera. Ukimya uliofuata ulikuwa taarifa nzito kuliko honi. Hakuna kinasa sauti kinachoweza kuokota treni isiyopita. Ni neno tu liwezalo kufanya hivyo. Jina la Laini Saba vilevile, mmoja wa vijiji vya Kibera, linabeba mlio wa bunduki ambao haupo tena, maana latokana na uwanja wa shabaha wa askari wa King's African Rifles, walimokuwamo Wanubi waliopewa ardhi hiyo. Fasihi ya mahali majina yanapoishi namna hii haiwezi kuachwa mikononi mwa kinasa sauti peke yake.

Mfano wa pili ni mrefu kidogo, lakini unastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Mwaka 1976 bendi ya roki ya Nairobi, Black Savage, ilirekodi Kothbiro, anwani ya Kidholuo yenye maana ya "mvua inakuja". Mmoja wa wanabendi hao, Job Seda, baadaye Ayub Ogada, aliuimba upya kwa nyatiti katika albamu ya En Mana Kuoyo, iliyotolewa Uingereza mwaka 1993. Mwaka 2005 wimbo huo uliwekwa katika filamu ya The Constant Gardener, ambayo baadhi ya picha zake zilipigwa Kibera. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage akakijenga ndani ya wimbo wake Yikes. Ogada alifariki mwanzoni mwa mwaka 2019. Katika safari hiyo ya zaidi ya miaka arobaini, roki ya Nairobi ilianza kama kazi ya watunzi, ikawa urithi, ikawa mandhari ya filamu, mwishowe ikawa malighafi. Kwa mtazamaji wa London sauti ile ilikuwa huzuni ya Afrika kwa jumla. Mkazi wa Gatwekera ajuaye Kidholuo alisikia onyo la mvua, naye anajua mvua juu ya mabati hufanya nini. Huzima mazungumzo, hufuta redio, hujaza mitaro. Maana ya neno ilikuwa mlemle ndani ya wimbo, imefunguliwa kwa mwenye lugha na kufungwa kwa mwenye filamu.

KMRU, yaani Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997 na kuhamia Berlin kwa masomo, ndiye msanii wa Kenya aliyeisukuma sanaa ya sauti za kuokotwa mbali kuliko wengine. Katika Peel (2020) hakuna ngoma, hakuna kiitikio, hakuna neno. Kuna mawimbi marefu ambamo sauti za mahali zimeyeyushwa. Yeye ni mjukuu wa Joseph Kamaru (1939–2018), mwimbaji wa Kigikuyu ambaye silaha yake ilikuwa methali na fumbo, aliyeimba juu ya kuuawa kwa J. M. Kariuki wakati wengi walipofunga midomo. Mjukuu amekuwa akizitoa upya rekodi za babu. Hivyo katika jina moja kuna babu ambaye kila kitu kwake kilikuwa neno, na mjukuu aliyeliondoa neno lote. Ingekuwa rahisi kulaumu kizazi kilichosahau lugha. Lakini Temporary Stored (2022), aliyoitunga kutokana na nyaraka za sauti za makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, inakataa lawama hiyo. Hapo anaokota kutoka kwa waliookota. Sauti zilizochukuliwa Kongo na jirani zake enzi za ukoloni zinarudishwa hewani zikiwa zimeharibika, na uharibifu wenyewe unaachwa usikike kama ushahidi. Huenda ndiyo kazi yenye hoja kali kuliko zote zilizotajwa katika makala haya, ingawa wasikilizaji wake ni wachache na wengi wao hawako Nairobi.

Kinyume cha KMRU ni Octopizzo, msanii wa hip-hop wa Kibera. Huyu hakuokota sauti ya mtaa bali alijiita kwayo: octo ni nane, na nane ni namba ya matatu ya Kibera. Namba inayoitwa na makanga kituoni imekuwa jina la mtu, na jina la mtu limekuwa dai la mahali. Anwani ya albamu yake ya 2012, Chocolate City, yaweza kusomwa pamoja na rangi ya mabati yaliyoota kutu. Kimuziki ni mwepesi kuliko Just a Band, na majigambo yake wakati mwingine huchosha. Lakini swali la nani anasema halizuki katika kazi yake, kwani mwenye sauti na mwenye wimbo ni mmoja.

Kawangware ina namba yake pia, 46, na wito wake. Wito wa makanga ni utanzu mfupi wenye kanuni: namba, kituo, nauli, kisha utani kwa abiria anayesitasita, yote kwa pumzi moja na kwa mizani ambayo mlio wa mlango unaopigwa kwa kiganja huikamilisha. Hubadilika nauli inapopanda kwa ajili ya mvua, na hubadilika tena jioni. Watunzi wa elektroniki huupenda kwa sababu umekwisha kupangwa kimapigo. Hukatwa, hurudiwa, huwekwa chini ya gitaa. Ukikatwa hivyo, kinachotoweka kwanza ni nauli, kisha utani. Vilivyokuwa na anwani, yaani abiria fulani siku fulani, vinafutwa. Hii ndiyo njia ya El-Dabh, bila kisingizio cha teknolojia changa.

Sheria haimsaidii makanga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyokwisha kuwekwa katika umbo la kudumu, na haki ya rekodi ya sauti humwendea aliyeandaa urekodi. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni hulinda jamii zenye mapokeo. Wito wa namba 46 hauko katika fungu lolote. Haujaandikwa, kwa hiyo si kazi. Si wa kabila, kwa hiyo si mapokeo. Mwenye simu ya kurekodi anayesimama kituoni kwa dakika mbili anaondoka na haki ambayo mwenye koo hana.

Idara za fasihi zisijitoe katika hesabu hii. Wanafunzi wa fasihi simulizi hupelekwa mitaani na vinasa sauti, na kwa miaka mingi viambatisho vya tasnifu vimehifadhi methali, nyimbo na miito ya biashara vikiwa na tarehe, mahali na jina la mkusanyaji. Babu aliyetamba ngano hutajwa kwa jina, umri na kijiji. Makanga huandikwa "makanga, Kawangware".